Bibi Salme na Vikombe vya Fedha vya Unguja

Mwamini wa Unguja analijua neno chetezo kutoka pande mbili. Siku ya sikukuu humwona mtumishi wa altare akikibeba mbele ya padre, moshi wa ubani ukipanda. Jioni ya siku hiyohiyo, akialikwa harusini kwa jirani zake Waislamu, hukuta chombo chenye jina hilohilo kimewekwa sakafuni, udi ukifukizwa, na karibu nacho mrashi wenye shingo ndefu ukingoja kuwanyunyizia wageni marashi mikononi. Jina ni moja, na mara nyingi hata madini ni yaleyale.

Tulikumbushwa jambo hili tulipokwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu, kusali pamoja na waamini wanaofanya kazi katika hoteli za huko. Baada ya sala kijana mmoja wa jumuiya alitupeleka mahali pake pa kazi, akatuonyesha rafu iliyo nyuma ya meza ya mapokezi. Palikuwa na mdila mkubwa wa kahawa uliojazwa maua makavu, mrashi uliogeuka mweusi, na visahani vitano vya fedha vya kushikia finjani, ambavyo sasa huwekewa njiti za meno na funguo za vyumba. Kila Jumamosi ni yeye anayevipangusa vumbi. Alitaka kujua watu gani walivitumia vyombo hivi, na namna gani. Kwa kumjibu tulimsimulia maisha ya Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazanzibari humwita kwa kifupi Bibi Salme, kwa kuwa hakuna mwingine wa nyumba ile aliyetuachia maelezo mengi kiasi chake juu ya namna kikombe cha kahawa kilivyotolewa.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye ndiye aliyeieneza mikarafuu kisiwani. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakauawa, akauzwa, na hatimaye akawa suria wa Sayyid. Salme alikua kati ya ndugu wengi wa mama mbalimbali, waliozungumza Kiarabu mbele ya baba yao na lugha mbalimbali alipokuwa hayupo.

Mtoni palikuwa na baraza kubwa ya duara iliyosimama mbele ya bahari. Watu wa nyumbani waliiita bendile. Viti vya mianzi viliwekwa pale, na darubini ambayo yeyote angeweza kuitumia kutazama vyombo vinavyopita. Sayyid Said alizoea kutembea humo huku na huko akiwa ameinamisha kichwa katika mawazo, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani mwake tangu vitani. Hapo ndipo kahawa ilipoletwa mara kadhaa kwa siku.

Inafaa tukae kidogo katika kahawa hii. Ilikuwa nzito lakini iliyochujwa ikawa safi, bila sukari wala maziwa, na haikuandamana na chakula ila vipande vyembamba vya popoo. Ilimiminwa papo hapo, mbele ya mnywaji, si kabla. Mtumishi aliushika mdila kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia finjani moja tu iliyokaa juu ya kisahani chake. Nyuma yake alifuata mwenzake mwenye sinia ya finjani tupu na mdila wa akiba. Kazi ile ilihitaji ustadi, na si kila mtu wa nyumbani aliaminiwa kuifanya. Visahani vilikuwa vya dhahabu au fedha. Mdila wenyewe, na hili lilimshangaza sana kijana wetu, ulikuwa wa bati lililopambwa kwa shaba. Kumbe hata katika nyumba ya mtawala, madini ya thamani yaliwekwa mahali ambapo mkono wa mgeni ungeyagusa, na chombo kilichobaki mkononi mwa mtumishi kikaachwa kuwa cha bati.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Kiswahili kinatoa jibu katika neno moja, kwa maana fedha kwetu ni madini na ni pesa pia. Unguja haina machimbo ya fedha. Kilichokuwapo ni reale, sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa, malkia Mkatoliki wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake sarafu iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikataa nyingine. Uzito wake ulikuwa gramu 28 na kidogo, na zaidi ya sehemu nane katika kumi ilikuwa fedha halisi. Mwenye reale za ziada alizipeleka kwa sonara, naye akaziyeyusha na kuzifua zikawa bangili, chetezo, kisahani au mrashi. Mafundi wengi wa mjini walikuwa na asili ya India, na hata jina lao la sonara limetoka huko. Kazi za Waomani nazo zilijulikana kwa nakshi zake nzito. Kwa hiyo mara nyingi kisahani kilichomtumikia mgeni wa Kiislamu, akinywa kahawa na kumshukuru Mungu, kilikuwa hapo awali sura ya mama yule mwenye ushungi, aliyezaa watoto kumi na sita na aliyekuwa akisali rozari Vienna. Hatudhani kwamba yeyote kati yao angechukizwa sana.

Lakini reale hizo zenyewe zilitoka katika karafuu, pembe za ndovu na watu. Hatuwezi kulipita hili kwa haraka, maana waliomimina kahawa ile bendileni hawakuwa waajiriwa. Walikuwa watumwa, na baadhi yao matowashi. Sofra ya Sayyid nayo ilikuwa na mipaka yake. Waliokula pamoja naye walikuwa watoto wake waliokwisha kukua kidogo, dada yake, na mke wake wa ndoa Azza binti Seif. Masuria hawakuketi hapo, hata yule aliyependwa namna gani. Maana yake ni kwamba Salme alikula mbele ya baba yake, na Jilfidan aliyemzaa akala kwingine. Salme aliyaandika haya baadaye bila malalamiko, kama mtu aelezaye desturi, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa nyumbani kwao akisema usilinganishwe na ule wa Marekani. Hapo hatukubaliani naye. Miaka aliyokuwa msichana ndiyo miaka ambayo wamisionari wetu wa kwanza walifika mjini kutoka Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, na kuadhimisha Misa ya Noeli ya mwaka 1860. Wakafuatwa mwaka 1863 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walifungua hospitali na karakana, wakawakomboa watoto wa sokoni. Mji ulikuwa mdogo, na moshi wa ubani wa nyumba hizo mbili ulipanda katika anga moja. Binti huyu mwenye akili nyingi hakuwaona watoto wale kama sisi tunavyotamani angewaona.

Na akili alikuwa nayo kweli. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Qurani, hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa wakati ule kama ubao. Ujuzi huo ulimletea taabu mapema. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, Majid akarithi Zanzibar, na mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua Jilfidan. Mwaka huohuo ndugu yao Barghash alijaribu kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa karani wa njama. Waasi walishindwa. Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akamsamehe dada yake. Salme akaupokea msamaha huo, na kwa kuupokea akampoteza Barghash, ambaye hakusahau kamwe.

Alikuwa na mashamba, akaishi Bububu kwa furaha kwa muda, kisha akarudi mjini. Nyumba ya jirani ilikuwa ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, na madirisha yalitazamana. Urafiki ukawa mapenzi, na mwaka 1866 Salme akajua kwamba ana mimba. Kwa sheria na desturi za nyumba yake hatari ilikuwa kubwa. Usiku wa tarehe 24 Agosti, kwa msaada wa mke wa balozi mdogo wa Uingereza, aliingia katika manowari ya Kiingereza Highflyer, nayo ikang'oa nanga kwenda Aden. Siku sita zilikuwa zimebaki atimize miaka ishirini na miwili.

Meli inayotoka mjini kuelekea kaskazini huuacha ufuo wa Mtoni na Bububu upande wake wa kulia, kisha Mkokotoni, na nchi ya mwisho ya Unguja ni rasi ya Nungwi, palepale tulipokuwa tumesimama na kijana wetu tukitazama majahazi. Baada ya hapo ni bahari.

Huko Aden alikaa miezi tisa akimngojea Ruete, akiwa mgeni wa familia ya Kihispania aliyoijua tangu Unguja. Mwana alizaliwa mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Kianglikana, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Sisi tunaoishi kati ya jirani Waislamu hatuna budi kulisema jambo hili kwa upole. Ubatizo wake haukuwa tunda la mafundisho marefu. Ulikuwa mlango ambao ndoa ilipaswa kuupitia. Katika maandishi yaliyotolewa baada ya kifo chake anaeleza uchungu wa mtu aliyeivua imani ya utotoni kabla ile mpya haijamkaa mwilini, na jinsi alivyobaki miaka mingi kati ya hizo mbili. Makatekista wetu, ambao huwachukua wakatekumeni wao kwa miaka bila kuharakisha, watamwelewa. Alipewa maji, akapewa cheti na jina. Mtu wa kukaa naye mkekani na kumfafanulia ni nini alichoingia, hakuwapo.

Mtoto yule wa Aden alifariki njiani, katika safari ya kwenda Ulaya. Walifika Hamburg wawili.

Hamburg alikuwa mke wa mfanyabiashara wa wastani, katika nyumba yenye jiko la makaa na wageni waliokuja kumtazama. Alijifunza Kijerumani, uma na kisu, na baridi. Alizaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Kuhusu Majid, anasimulia kwamba kaka yake hakumlaumu hata mara moja, na kwamba alimpelekea zawadi nyingi kwa meli yake iliyokwenda Hamburg. Meli ilifika, zawadi hazikumfikia. Aliambiwa tu kwamba imekuja kutengenezwa. Tumelifikiri sana jambo hilo dogo. Katika nyumba ya baba yake kitu kilichotumwa kwa mgeni kilipita mikono miwili tu, ya mwenye mdila na ya mwenye sinia. Ulaya kilipita mikono mingi isiyojulikana.

Mwezi Agosti 1870 Heinrich Ruete aligongwa na tramu akafa. Mwezi Oktoba Majid naye akafariki, na Barghash akawa Sultani. Mjane wa miaka ishirini na sita alibaki na watoto watatu, mdogo wao akiwa wa miezi michache, katika nchi ambayo sheria yake haikumwachia mwanamke kusimamia mali ya watoto wake peke yake. Fedha ikapungua. Vitu vyake vya thamani alivyokuja navyo vikauzwa kimoja baada ya kingine. Alihama Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili kupata kodi ya nyumba.

Mwaka 1875 Barghash alialikwa London kwa heshima kubwa. Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye, lakini Waingereza walitaka ziara iende bila aibu. Sir Bartle Frere alimshawishi asijaribu, akimpa matumaini kwamba watoto wake wangesaidiwa kusoma. Msaada huo haukuja. Miaka kumi baadaye Wajerumani nao wakamwona ana faida. Walikuwa wakigombana na Barghash juu ya ardhi za bara, na mwezi Agosti 1885 manowari zao zilipotia nanga mbele ya mji, Salme na watoto wake walikuwa katika msafara huo, kama hoja ya ziada mezani. Barghash alikataa kumwona. Pamoja na hayo watu walimfuata barabarani, Waarabu, Wahindi na Waswahili, wakimwamkia bibi yao hadharani ingawa walijua Sultani hapendi. Alikwenda Mtoni akakuta kasri limekuwa gofu, ngazi zimeanguka, majani yameota vyumbani.

Mwaka uliofuata kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka kwa Kijerumani, na ndicho kilichotuhifadhia bendile, viti vya mianzi na kahawa. Wanahistoria hukitaja kama mojawapo ya maandishi ya kwanza ya maisha yaliyoandikwa na mwanamke kutoka nchi za Waarabu. Aliandika, nadhani ni haki kusema, kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mama yao ametoka katika nyumba gani.

Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Salme alirudi tena mwaka huo, akiamini mrithi wake, Khalifa, angekuwa mpole zaidi. Hakupokelewa. Kutoka hapo hakurudi Ujerumani kukaa. Alichagua Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko hadi vita vya mwaka 1914, katika miji ambayo kahawa hutolewa kwa namna aliyoizoea. Miaka ya mwisho aliishi kwa binti yake. Mwishoni kabisa ukoo uliokuwa ukitawala Zanzibar ulikubali kumpa posho ya pauni mia kwa mwaka. Aliipata kwa muda mfupi tu, kwani alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa karibu miaka themanini.

Katika vitu vyake hakikukutwa kisahani cha dhahabu wala mrashi wa fedha wa kutajwa. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa ufuo wa Unguja, na kwamba alizikwa nao katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mume wake.

Kijana wa Nungwi alisikiliza yote haya akiwa na kitambaa mkononi. Kisha akauliza, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kama vyombo vile bado vinafaa kitu. Tulivitazama pamoja kimoja kimoja. Weusi wa fedha si kutu inayokula; ni salfa ya hewani iliyoshikana na madini, na chumvi ya bahari huizidisha. Tulimshauri asitumie mchanga wala majivu, maana hukwangua nakshi. Maji ya moto, magadi ya kupikia na kipande cha karatasi ya aluminiamu chini ya beseni huondoa weusi bila kukwangua, mradi chombo hakina mawe wala gundi. Visahani vitano vilikuwa fedha kweli, vizito, na kimoja kilikuwa na ukingo ulionyooshwa kwa nyundo na mtu asiye fundi. Vinaweza kurudi chini ya finjani leo.

Aliuliza pia kama fedha inaweza kutumika altareni. Tulimweleza kwamba kalisi ya fedha inakubalika, na kwamba Misale huelekeza kalisi ya madini yasiyofikia thamani ya dhahabu ipakwe dhahabu kwa ndani, pale Damu ya Kristo inapokaa. Lakini kisahani cha kahawa kibaki cha kahawa.

Mdila haukuwa mzima. Tulipotoa maua makavu tuliona shaba nyekundu imejitokeza ndani, bati lote limekwisha. Mpaka utiwe bati upya na fundi, haufai kwa kinywaji, na tulimwambia aurudishie maua yake. Mrashi tuliutikisa karibu na sikio, tukasikia kitu kikigonga. Alifungua kichwa chake kwa shida, akaupindua, ikadondoka karafuu moja ngumu kama jiwe. Mrashi ulikuwa hauna ufa wala tundu. Aliuchukua jikoni kwenda kuuosha, na tulipoondoka jioni alitunyunyizia maji matupu mikononi, akiomba radhi kwamba marashi angenunua Jumatatu.